Somaliland wana haki ya kuwa nchi? Sawa, na Las Anod je?

Tangu Israel itangaze tarehe 26 Disemba 2025 kwamba inaitambua Somaliland, lile eneo la kaskazini la Somalia lililojitangazia uhuru 1991, kuwa nchi huru, mjadala huku kwetu umekuwa wa pande mbili zinazopigiana kelele. Wa kwanza wanasema Somalia ni moja, hii ni njama ya kuigawa Afrika, mjadala ufungwe. Wa pili wanasema hawa jamaa wamejiendesha wenyewe zaidi ya miaka 30, wana serikali, wana hela yao, wana polisi wao, wanapiga kura na rais akishindwa anakabidhi ofisi anaenda zake, sasa mnataka nini tena, wapeni nchi yao. Mimi naomba Israel tuiweke pembeni kidogo, sababu ukianza na nani kamtambua nani utaishia kwenye Gaza na Bahari ya Shamu, na wale watu wa Somaliland, wa Hargeisa makao yao makuu na Burao na Berbera, ambao swali lao lipo tangu 1960 unakuwa umeshawasahau.

Maana swali lenyewe liko hivi. Taifa dogo likakubali kuungana na kubwa, halafu ule muungano ukageuka kipigo, je lina haki ya kurudi kwao?

Wengi hawajui kwamba Somaliland ilishawahi kuwa nchi. Ilikuwa chini ya Mwingereza, kusini ilikuwa chini ya Mtaliano. Somaliland ikapata uhuru tarehe 26 Juni 1960, ikakaa nchi kamili siku tano tu, tarehe 1 Julai kusini nao wakapata uhuru na siku hiyohiyo wakaungana. Na hawakulazimishwa, hili tuliseme kwa haki, watu wa kaskazini ndo walioukimbilia muungano kwa moyo mmoja, walikuwa na ile ndoto ya Wasomali wote chini ya bendera moja. Ile nyota nyeupe kwenye bendera ya Somalia ina pembe tano, na kila pembe ni eneo wanaloishi Wasomali: kusini ya Mtaliano, kaskazini ya Mwingereza, Djibouti, Ogaden kule Ethiopia, na mkoa wa kaskazini mashariki wa Kenya. Kumbuka hiyo nyota, tutairudia.

Tatizo likaanza kwenye makaratasi. Bunge la Hargeisa lilipitisha sheria yake ya muungano, kule Mogadishu wakapitisha maandishi yao mengine, hayafanani, yaani hakuna hati moja ambayo pande zote mbili ziliisaini. Mwaka uliofuata, Juni 1961, ikaja kura ya maoni ya katiba, chama kikubwa cha kaskazini kikawaambia watu wasusie, na kati ya wachache waliokwenda kupiga kura zaidi ya nusu wakaikataa, lakini kwa kuwa kura zilihesabiwa kwa jumla nchi nzima katiba ikapita. Na vyeo? Rais akatoka kusini, waziri mkuu akatoka kusini, makao makuu kusini. Sisi Watanzania hapa tuangalie vizuri, sababu muungano wetu wa 1964, pamoja na manung'uniko yake yote ambayo mpaka leo hayajaisha, uliiachia Zanzibar serikali yake na rais wake na baraza lake. Hargeisa walivunja kila kitu wakaenda Mogadishu mikono mitupu. Mtu aliyeenda mikono mitupu akishaonewa hana hata mlango wa kugonga.

Na wakaonewa kweli. Siad Barre akapindua 1969, vita ya Ogaden ya 1977 na 1978 ikashindwa, nchi ikajaa wakimbizi na silaha, na watu wa ukoo wa Isaaq, ambao ndo wengi kule kaskazini, wakaanza kutazamwa kama maadui. 1981 wakaunda SNM, chama chao cha mapambano. Mei 1988 SNM wakaingia Burao na Hargeisa, na majibu ya serikali yakawa kuipiga miji yenyewe. Ndege za kivita ziliruka kutoka uwanja wa ndege wa Hargeisa, zikageuka juu ya Hargeisa hiyohiyo zikaangusha mabomu, zikarudi kutua palepale zipakie mengine. Ndege ya serikali yako, umeinunua kwa kodi yako, inapaa hapo unapoiona na inakuja kwako. Makadirio ya waliokufa miaka hiyo yanaanzia watu 50,000 na wengine wanasema mara mbili yake na zaidi, na mamia ya maelfu walikimbilia Ethiopia. Leo katikati ya Hargeisa kuna ndege moja ya kivita, MiG, imewekwa juu ya nguzo, chini yake wamechora picha za watu waliokatwakatwa. Ndo mnara wao wa taifa.

Mimi ni mfanyabiashara, nachukua mzigo Eastleigh, Nairobi, madera na mitandio na mashuka, na kuna mzee mmoja wa Burao ambaye nimekuwa mteja wake miaka mingi. Siku moja mvua imenikwamisha dukani kwake akanisimulia jinsi alivyotembea na mama yake usiku kwa usiku mpaka kambi ya Hartasheikh, ng'ambo ya mpaka, wakiwa wamebeba sufuria moja na mtoto ambaye hakufika. Nikamuuliza, mzee wangu, Mogadishu wakiomba radhi leo wakawapa nusu ya vyeo mtarudi? Akanitazama akasema, "Dada, sikai nyumba moja na mtu aliyenipiga bomu, hata akinipa chumba kikubwa." Nimelifikiria sana jibu hilo, na mpaka leo sina cha kumjibu.

Kwa hiyo upande wa Somaliland nauelewa vizuri tu. Tarehe 18 Mei 1991 pale Burao wazee wa koo na SNM wakatangaza kwamba ule muungano basi. Halafu 1993 wakakaa Borama miezi kadhaa, wazee chini wanazungumza, wakapatana na koo nyingine zilizokuwa upande wa Barre, wakamchagua Egal, yuleyule aliyekuwa kiongozi zile siku tano za 1960. Hakukuwa na jeshi la Umoja wa Mataifa linalosimamia, walisuluhishana wenyewe. 2001 wakapiga kura ya katiba inayothibitisha uhuru wao, 97% wakasema ndiyo. 2003 tume ilipotangaza matokeo ya urais mshindi alimzidi mwenzake kwa kura 80, kura themanini nchi nzima, na hawakupigana. Novemba 2024 rais aliyeko madarakani, Muse Bihi, akashindwa na Abdirahman Irro, akaondoka. Tuwe wakweli, ni nchi ngapi za kwetu hapa zenye kiti Umoja wa Mataifa zinaweza kusema hivyo?

Sasa upande wa pili, na naomba msiuchukulie kama upande wa wabaya, sababu una hoja nzito.

Afrika ilipokaa Cairo Julai 1964, wakuu wa nchi waliamua kwamba mipaka aliyoiacha mkoloni iheshimiwe kama ilivyo. Aliyeliwasilisha azimio lile ni Nyerere. Na waliolikataa ni nani? Somalia yenyewe, pamoja na Morocco. Hapo ndo irudi ile nyota ya pembe tano. Somalia ilikuwa inaidai Ogaden na inaidai kaskazini mashariki ya Kenya, na kule Kenya 1962 Waingereza walituma tume ikakuta wakazi wengi wa eneo hilo wanataka kwenda Somalia, lakini uhuru ulipokuja mpaka ukabaki palepale, ikafuata vita ya Shifta mpaka 1967, watu wakafa, mifugo ikateketea, vijiji vikawekewa ulinzi. Ukiwa Mkenya wa Garissa au Wajir unajua neno "kujitenga" lina bei gani. Kwa hiyo ile hofu ya mipaka haikuzuliwa na viongozi wenye roho mbaya, inatokana na damu ya hapahapa Afrika Mashariki.

Na wanakumbusha yaliyotokea kwingine. Eritrea walipiga kura 1993, karibu wote wakasema ndiyo, na mpaka leo hawajawahi kupiga kura ya kitaifa kumchagua rais. Sudan Kusini wakapiga Januari 2011, 98.83%, bendera ikapandishwa Julai, na Disemba 2013 wakaanza kuuana wenyewe kwa wenyewe. Anjouan ikajitenga na Comoro 1997, mara wanataka kurudi kwa Mfaransa, mara wanataka kuwa nchi, na Machi 2008 Umoja wa Afrika ukapeleka askari kukirudisha kisiwa, na askari wetu wa Tanzania walikuwemo. Mtu wa Mogadishu anakuuliza: kwa nini mlikuja kwa mtutu kulinda umoja wa Comoro, na umoja wa Somalia mnataka uvunjwe? Tena anaongeza kwamba Barre hakuwaumiza Waisaaq peke yao, aliwaumiza watu wa ukoo wa Majerteen baada ya 1978, na watu wa Mogadishu nao walipigwa mizinga siku zake za mwisho. Kama kila aliyeumizwa na Barre angechukua kipande chake, Somalia isingebaki hata wilaya. Na anakumbusha kwamba nchi yake ndo kwanza inajikongoja, inapambana na al-Shabaab, inavutana na majimbo yake ya Puntland na Jubaland, imeingia Jumuiya yetu ya Afrika Mashariki 2024, na kuikata sasa hivi ni kumkata mgonjwa akiwa kitandani.

Sheria za kimataifa hazikusaidii sana kuamua, zinasema mambo yote mawili kwa pumzi moja. Azimio 1514 la Umoja wa Mataifa la 1960 kifungu cha 2 kinasema watu wote wana haki ya kujiamulia mambo yao, ukishuka kifungu cha 6 kinakataza jaribio lolote la kuvunja umoja wa nchi. Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu, ule uliopitishwa hapo Nairobi Juni 1981, ibara ya 20 inaanza kwa kusema watu wote wana haki ya kuwepo. Ya kuwepo. Lakini "watu" ni nani, mkataba hausemi, na ugomvi wote uko kwenye hilo neno.

Hapa wengi wanamtaja Nyerere nusu nusu. Wapenda umoja wanamtaja wa Cairo 1964, wanamsahau wa Aprili 1968, ambaye serikali yake ilikuwa ya kwanza kuitambua Biafra, eneo la mashariki lililojitenga na Nigeria, na nchi nyingine tatu tu za Afrika zikafuata. Hoja yake ilikuwa kwamba umoja unasimama kwa ridhaa, na serikali ikishindwa kuwalinda raia wake, raia wakakimbilia kwao kuokoa roho, huwezi kuwarudisha kwa risasi ukauita umoja. Watu wanasema alijipinga. Mimi sioni hivyo. Kwangu mimi 1964 na 1968 ni mtu mmoja anayesema mipaka ipo ili watu waishi kwa amani, na mpaka ukigeuka ua la kuchinjia tunaanza kuongea upya. Ila tukumbuke pia Biafra iliishaje Januari 1970, na kwamba hata ndani ya Biafra kulikuwa na makabila madogo ambayo hayakuulizwa kama yanataka kuwa Biafra.

Hilo la mwisho ndo linalonileta kwenye jambo ninalotaka kulisema hasa.

Somaliland wana hoja mbili, na wanazitumia kwa zamu kutegemea anayewasikiliza. Ya kwanza ni ya mipaka. Sisi hatuvunji Cairo, wanasema, sisi tunarudi kwenye mpaka wetu wa Mwingereza wa tarehe 26 Juni 1960, kama Gambia ilivyoachana na Senegal 1989, kama Syria ilivyoachana na Misri 1961. Hoja hiyo ina nguvu, hata ujumbe wa Umoja wa Afrika uliokwenda kule 2005, ukiongozwa na naibu mwenyekiti wa Kamisheni, Patrick Mazimhaka wa Rwanda, ulirudi ukasema kesi ya Somaliland ni ya kipekee kihistoria, isiogopwe kwamba itafungulia kila mtu mlango. Hoja ya pili ni ya ridhaa. Tumeteswa, tumepiga kura, hatutaki, na hakuna wa kutulazimisha. Hiyo nayo ina nguvu, na moyo wangu uko hapo zaidi.

Shida ni kwamba hoja hizo mbili zikifika Las Anod zinagongana.

Las Anod ni mji wa mkoa wa Sool, mashariki, ndani ya ule mpaka wa Mwingereza. Wengi wa watu wake ni wa ukoo wa Dhulbahante, na wengi wao hawakuwahi kuutaka huu uhuru wa 1991. Jeshi la Somaliland liliuchukua mji 2007 kutoka kwa Puntland. Mwisho wa 2022, baada ya mauaji ya watu maarufu kuendelea miaka na miaka bila kukamatwa mtu, wakaandamana, na Februari 2023 wazee wao wakatangaza kwamba wanataka kuwa chini ya Mogadishu, siyo Hargeisa. Ikaanza vita. Mizinga ikapiga mji, hospitali ikapigwa, watu maelfu kwa maelfu wakabeba watoto wakavuka kwenda Ethiopia. Agosti mwaka huo wapiganaji wa Las Anod wakaiteka kambi kubwa ya jeshi ya Goojacade, jeshi la Somaliland likarudi nyuma, na tangu hapo eneo lile limejiendesha likiwa upande wa Mogadishu.

Pale dukani kwa mzee kuna kijana anafunga mizigo, mpole sana, siku ile ya mvua alikuwepo anakata kamba kimya. Baadaye alipokuwa ananibebea belo kwenda kwenye gari akaniambia, "Mzee anasema kweli yote. Ila mimi ni wa Las Anod. Mama yangu na yeye ametembea kwenda Ethiopia, 2023." Hakuongeza neno. Akaweka belo kwenye buti akarudi kazini kwa mzee, na wanakula sahani moja mchana.

Mimi sisemi 1988 na 2023 vinalingana kwa ukubwa, havilingani hata kidogo. Lakini mama aliyebeba sufuria anaelekea mpakani hapimi ukubwa. Kama unasema ridhaa ndo msingi, basi ridhaa ya Las Anod nayo ihesabiwe. Na kama unasema hapana, mpaka wa Mwingereza ndo msingi, watu wa ndani yake watake wasitake, basi ndugu yangu hiyo ni sentensi ileile ambayo Mogadishu wanaisema kwako. Huwezi kuikataa kwa baba ukaitumia kwa mtoto.

Sasa wapenda umoja wasishangilie. Las Anod haifuti kaburi hata moja la Hargeisa, wala haimaanishi Waisaaq warudishwe kwa nguvu. Inachoonyesha ni kwamba ule mstari ulipochorwa na mgeni hakuuliza watu, na ukiufanya kuwa kitu kitakatifu, uwe mstari wa Somaliland ya tarehe 26 Juni 1960 au wa Somalia ya tarehe 1 Julai, kuna watu utawakanyaga tu.

Na hapa ndo ninapoulaumu Umoja wa Afrika kwa uchungu. Ripoti ile ya 2005 walikuwa nayo mkononi, wangeweza kuwakalisha pande zote mezani, Hargeisa, Mogadishu, na watu wa mikoa ya Sool na Sanaag na wa Awdal kule magharibi. Wakaifungia kabatini miaka 20. Na swali lisipojibiwa na wenye nyumba linajibiwa na wapita njia. DP World, kampuni ya bandari ya Dubai, wakaja 2016 kwa ajili ya bandari ya Berbera. Ethiopia ikaja Januari 2024 na makubaliano ya ukanda wa pwani wa kilomita 20 kwa miaka 50, huku Hargeisa wakisema wameahidiwa kutambuliwa, mwisho Disemba Ethiopia wakaenda Ankara, Uturuki, wakapatana na Mogadishu, Hargeisa wakabaki wanatazama. Sasa kaja Israel. Kila mmoja na hesabu zake za bahari. Sijaona hata mmoja kati yao aliyemuuliza yule mzee wala yule kijana. Kutambuliwa kwa namna hiyo kunampa kiongozi wa Hargeisa bendera ya kupeperusha, na kunampa Mogadishu sababu ya kukataa hata mazungumzo, na Las Anod wanabaki katikati wakisubiri vita nyingine.

Kura inaweza kuhesabiwa eneo kwa eneo, na siyo ndoto, Afrika ilishafanya. Februari 1961 Umoja wa Mataifa ulisimamia kura kwenye Cameroon iliyokuwa chini ya Mwingereza, wakahesabu kaskazini peke yake na kusini peke yake, kaskazini wakaenda Nigeria, kusini wakaenda Cameroon. Ndiyo, najua mtaniambia mbona leo watu wa kusini ile wanapigana tangu 2017. Wanapigana sababu waliahidiwa shirikisho, na 1972 shirikisho likafutwa. Walioichezea ni waliovunja ahadi, hesabu ya kura haikuwa na kosa. Kwa hiyo kwangu mimi kura peke yake haitoshi, inahitaji na maandishi yanayosema mkibaki mtabaki na nini na mkitoka wachache wenu watalindwaje, kitu ambacho 1960 hakikuandikwa.

Wengine watauliza nani aanze. Kuna mlango mmoja ambao haujagongwa. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iko hapo Arusha, na Umoja wa Afrika wenyewe, au nchi yoyote mwanachama, inaruhusiwa kuiomba ushauri wa kisheria bila kumshtaki mtu. Iulizwe ibara ya 20 inasemaje kwa watu waliopigwa mabomu na serikali yao kisha wakajitenga, na inasemaje kwa watu walio ndani ya hao waliojitenga ambao nao hawataki. Maswali mawili, kwenye karatasi moja, na yasitenganishwe.